Mwalimu wa Sanaa Tuliyemtoa Msibani Bungu

Siku ya kuniaga shuleni walinipa chupa ya chai, doti mbili za kanga na muda mfupi wa kusema neno. Nilikuwa hata sijamaliza kumshukuru Mungu, mwalimu wa zamu akaanza kugusa saa yake huku ananiangalia. Nikakaa. Sasa niko kwangu Kwamsisi na hakuna wa kunigusia saa, kwa hiyo nyinyi metroni mnaokuja nyuma yangu, na nyinyi wa jikoni, na walimu nao wakitaka, sogeeni niwaeleze kazi. Vyeo sina vya kueleza. Mshahara mnaujua wenyewe. Shule siitaji jina. Ni ya wasichana, iko tambarare ya Korogwe unapoelekea Hale, inatosha.

Mimi nimesoma hadi darasa la saba, na mtihani nikafeli. Shuleni niliingia kwa mlango wa jikoni. Siku ya kwanza nilikabidhiwa sufuria la uji ambalo ningeweza kuogea ndani yake, na mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Uji uliungua. Wasichana wakaunywa kimya, nikajiona mpishi. Mkubwa wa jiko wa wakati ule akaniambia, "Wakiunywa kimya ujue wana njaa, usidhani umepika." Tangu hapo sikuwahi tena kuiamini sahani tupu.

Aliyenitoa jikoni ni Mama Kidawa, metroni wa kabla yangu, mjane mrefu mwenye sauti nzito kama ya muadhini. Alinikuta nimembeba mtoto wa kidato cha kwanza aliyekuwa anaharisha, nimempeleka kumwosha bila kutumwa na mtu. Akasema, "Huyu hachagui uchafu, nipeni." Alinifundisha kulala usingizi wa paka, na kutopiga hodi bwenini bila kukohoa kwanza, maana ukiwashtua wasichana wanaficha ugonjwa pamoja na simu. Alinipa filimbi na rundo la funguo, akasema kifaa kikubwa nilishapewa na Mungu, kiko katikati ya uso. Ni kweli. Homa ina harufu. Kidonda kinachofichwa kina harufu. Msichana anayeficha mimba ananuka ndimu na udongo wa kutafuna, na ukimsogelea anakwambia ni mafuta mapya.

Niliyoyaona bwenini siwezi kuyamaliza. Nimepaka dawa ya upele bweni zima, mmoja mmoja, wengine wanalia wengine wanacheka. Nimeshika wasichana wanaoanguka na kupiga kelele za mashetani, akianguka mmoja wanafuata kumi. Mmoja alinifia mapajani ndani ya gari la shule, malaria imepanda kichwani, hatujafika Korogwe. Nilimfunga kidevu kwa kilemba changu ili mama yake asije akamkuta mdomo wazi. Hilo mtalifanya siku moja, nawaombea mlifanye bila mikono kutetemeka. Metroni akitetemeka, gari zima linalia.

Jambo moja lazima mlijue, la sivyo hamtanielewa mbele. Likizo nilikuwa narudi Kwamsisi, na huko nina kazi nyingine, mimi ni kungwi. Msichana akivunja ungo anawekwa ndani, tunamcheza, tunamfundisha. Nilifundishwa na marehemu Bi Mwantumu, aliyekuwa kungwi mkubwa wa upande wetu. Wapishi wa shule wengi ni Wazigua wenzangu wa Handeni, wengine niliwacheza mwenyewe, wengine nimewachezea mabinti zao. Kwa hiyo pale shuleni nilikuwa metroni wa watoto, na kungwi wa wapishi.

Sasa nije kwa mjukuu wangu, Zaituni. Mama yake, kitinda mimba wangu, alifariki kwenye uzazi wa pili, yeye na kichanga, nami nikamchukua Zaituni akiwa bado anatambaa. Huyu mtoto, nasema mbele yenu bila haya, Mungu alimpa mkono. Akipewa mkaa anachora ukutani. Akipewa tope anafinyanga mbuzi, na mbuzi mwenyewe unamjua ni wa nani. Kidato cha nne alifaulu, na zilipokuja kombi mpya, yale masomo matatu matatu ya kidato cha tano na sita, akapangiwa shule yetu hiyo hiyo, kombi yenye somo la sanaa. Nilitembea kifua mbele hadi wenzangu wakanichoka. "Metroni, tumesikia," waliniambia. "Mjukuu wako anajua kuchora. Sasa lete funguo za stoo."

Kiburi changu hakikudumu. Walipangwa wasichana wachache kwenye kombi ile, lakini mwalimu wa sanaa hakupangwa. Kuchora wangejikokota wenyewe. Kilichowaua ni karatasi ya nadharia, historia ya sanaa: Misri, Wagiriki, Wazungu wa zamani na makanisa yao, sanaa za Afrika, nani alianza nini na kwa nini. Mwalimu wa historia alipoulizwa alisema yeye historia yake ni ya vita na ukoloni, picha hazimhusu. Kitabu kilikuwa kimoja, cha Kiingereza, kimechanika katikati. Zaituni akawa anakaa nacho bwaloni, anakisoma kama anavunja mawe. Aliniambia, "Bibi, nikianguka somo hili kombi imevunjika. Chuo kikuu sendi." Hakulia, alisema tu, kama mtu anayekwambia paa linavuja.

Nikaenda kwa mkuu wa shule, sote tulimwita Madam.

"Mama, nimeandika wilayani," alisema. "Wameniambia nisubiri."

"Na mtihani umeambiwa usubiri?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Ukimpata mtu, mlete. Mimi nitafumba macho."

Basi nikaanza kutafuta mwalimu kama watu wanavyotafuta mchumba wa binti aliyechelewa. Kwanza nikampata kijana mchora mabango wa Korogwe mjini, anayechora wanawake wenye nywele za kila aina kwenye kuta za saluni. Mkono anao. Alikuja siku moja, akawafundisha kuchora simba. Zaituni akamuuliza habari za Misri. "Misri?" akasema. "Ile timu kali, ile." Alipotoka getini aliniambia kwa adabu, "Mama, tusidanganyane. Historia mimi sina, mimi nina rangi." Nilimheshimu kwa hilo. Wenye vyeti huwa hawasemi.

Wa pili alikuwa msichana wa Dar es Salaam, mpwa wa mwalimu mmoja, amesomea sanaa chuo kikuu. Akasema atafundisha kwa simu ya kupangusa, wanafunzi wamwone na yeye awaone. Mtandao pale shuleni unapatikana chini ya tangi la maji tu. Wakawa wanakaa pale kwenye tope, simu imeegemezwa kwenye ndoo, msichana wa watu anaganda mdomo wazi, anarudi, anaganda tena. Bando likaisha, na hamu yake nayo ikaisha. Sikumlaumu. Hata mimi nisingependa kugandishwa mdomo wazi mbele ya watoto.

Wa tatu nilimpata msibani. Mama mzazi wa mwalimu wetu mmoja alifariki Bungu, tukapanda mlimani shule nzima ya watu wazima. Wakati wenzangu wanamenya ndizi, nikamwona mzee amekaa kwenye kigoda chini ya upenu, ameuweka uso karibu na msalaba wa mbao hata pua inagusa, anaandika jina la marehemu kwa brashi. Herufi zimenyooka kama za kiwandani. Nikamuuliza mama wa pembeni yangu ni nani. "Mwalimu Shehoza huyo," akasema. "Alikuwa anafundisha sanaa chuo cha ualimu. Macho yamekwisha, lakini misalaba yote ya Bungu anaandika yeye."

Nilingoja tuzike kwanza. Kisha nikamfuata.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe si wa huku. Sauti ya tambarare hiyo."

"Natafuta mwalimu wa historia ya sanaa, wa kidato cha sita."

Akacheka kidogo. "Unamtafuta msibani?"

"Watu wote wa maana wanapatikana msibani."

"Mama, mimi sioni. Naona mwanga na kivuli. Herufi zile mkono unaijua njia wenyewe. Kufundisha sanaa kunataka picha."

"Picha hatuna, mwalimu. Hata ungekuwa na macho ya kipanga hakuna cha kuona."

Hapo ndipo nilipomshika. Aliuliza wako wangapi, nikasema wachache, na mmoja ni mjukuu wangu, nisimfiche. Akasema, "Ahsante kwa kutonificha." Jumamosi iliyofuata aliteremka na gari la kwanza, suti yake ya zamani imepigwa pasi, kamba ya kiatu kimoja rangi mbali.

Madam aliweka sharti: mwanamume wa nje na wasichana, metroni akae mlangoni. Kwa hiyo mimi nimesoma historia ya sanaa ya kidato cha sita huku nachambua maharage. Mzee alifundisha kwa mdomo. Alifumba macho, akaanza: "Upande wa kushoto kuna mwanamke amekaa. Mwanga unatoka juu, kwenye dirisha. Mkono wake wa kulia uko wapi? Nauliza, uko wapi?" Na wale watoto wakawa wanachora picha ambayo hawajawahi kuiona, kutoka kwenye kichwa cha mtu ambaye hawezi kuiona tena. Akikuta kosa hakuliona, alilisikia. "Zaituni, penseli yako imekwenda haraka mno. Shingo hiyo umeifupisha." Na ni kweli ilikuwa fupi.

Alipofika kwa Wagiriki na sanamu zao za mawe, nilishindwa kuvumilia. "Mwalimu, samahani. Watu hawa walikosa nguo au walikosa haya?"

"Walikuwa na jua zuri, mama."

"Na sisi Handeni jua tunalo, mbona tunavaa."

Wasichana wakacheka mpaka maharage yangu yakamwagika. Siku hizo zilikuwa nzuri. Zaituni alianza kuandika kurasa nzima bila kufuta. Mzee aliniambia pembeni, "Huyu atapita. Kama hatutapoteza muda, huyu atapita vizuri." Nililala na maneno hayo kama mtu aliyelalia noti.

Mvua zilipoharibu barabara ya mlimani tulipoteza Jumamosi nyingi, na mtihani ukasogea wakati sehemu ya sanaa za Afrika bado haijaguswa. Zilipokatika, mzee akateremka na kikapu cha ukindu kilichofungwa kwa kitambaa. Alikuwa na furaha, mashavu yake yanaonyesha. "Leo tunawaacha Wagiriki," akasema. "Leo tunarudi nyumbani. Na leo mtashika kwa mikono, msinisikilize mimi tu." Akaanza kufungua pamba na magazeti, akapanga mezani vitu vya udongo, vidogo, kimoja baada ya kingine.

Sitaeleza vilikuwa na umbo gani. Waliochezwa wanajua, wasiochezwa hawahitaji. Niseme tu kwamba kwetu mwali akiwa ndani, kungwi anamfinyangia vidongo, kila kimoja na fundisho lake. Mwanamume havioni. Msichana ambaye hajachezwa havioni. Ngoma ikiisha, vinapelekwa mtoni na kuachwa viyeyuke, vyote, na ndipo mwali anatoka. Visipofika mtoni, tunasema tumbo la yule mwali halijafunguliwa.

Zaituni alivijua mara moja. Alirudisha mkono wake mapajani akanitazama. Wenzake, wa kutoka milimani na mikoa mingine, wakanyoosha mikono kama wanaopewa peremende.

"Nilivipata Handeni nikiwa kijana, natafuta vitu vya kufundishia chuoni," mzee alikuwa anasema. "Jamaa mmoja aliniuzia, kavitoa nyumbani kwa nani sikumuuliza. Ni udongo mbichi, haukuchomwa. Pitisha kidole hapa, utakuta alama ya gumba la aliyefinyanga. Hiyo ni sahihi yake. Mnaona?"

Nilisimama, nikavua kanga yangu ya juu nikaifunika meza nzima. "Mwalimu, funga."

"Kuna nini, mama?"

"Funga kwanza. Nitakueleza wakishatoka."

Nilikuwa nimechelewa. Bi Hadija, mkubwa wa jiko, alikuwa dirishani na sinia ya chai ya mwalimu, kama kila Jumamosi. Aliinama, akaiweka sinia chini taratibu, hata kikombe hakikugonga, akaondoka.

Niwaambie Hadija ni nani. Alichezwa Kwamsisi na Bi Mwantumu mwenyewe, nami nilikuwa msaidizi wa kungwi katika ngoma ile. Asubuhi ya kwenda mtoni, vidongo vyake havikuonekana. Tulitafuta kila mahali, tukashuku wanaume wa nyumba ile, hakuna aliyesema. Mwali akatolewa hivyo hivyo. Baadaye Hadija aliolewa, akashika mimba, ikatoka. Nyingine ikatoka. Mmoja alizaliwa akaishi hadi siku ya kupewa jina. Waume wakaondoka, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipoondoka yeye alisema neno lile lile: "Vyangu havikufika mtoni." Kila mpishi pale shuleni alikuwa amelisikia. Mimi sijui kama udongo unaweza kufunga tumbo la mtu. Najua kwamba mwanamke yule aliishi maisha yake yote akiamini kuna mtu kamshikia tumbo lake mahali fulani.

Nilipotoka darasani wapishi walikuwa wanavuta kuni kutoka motoni na kuzimwagia maji. Ugali haujasongwa. Wasichana wa shule nzima wamepanga mstari na sahani zao. Madam akaja mbio, kiatu kinamtoka.

"Jamani, ni sanamu za udongo tu hizo. Za kufundishia."

Hadija akamuuliza kwa upole, "Madam, wewe una watoto wangapi?"

Madam akainama kuvaa kiatu chake vizuri.

Hadija akanigeukia mimi. "Metroni, sisi hatugombani na mwalimu, yule mzee wa watu haoni. Nimeona kwa dirisha, pengine nimeona vibaya. Wewe ulikuwepo kwa Bi Mwantumu. Rudi ukaangalie kama ni vyangu. Ukisema sivyo, nawasha moto sasa hivi, na chai yake nampelekea mwenyewe. Ukisema ndivyo, basi. Neno lako tu."

Madam akanivuta pembeni hadi kwenye banda la kuni. "Mama, sema sivyo," aliniambia. "Unajua mtihani ulipo. Nikimruhusu mwalimu huyu aendelee, hawa hawapiki, na mimi siwezi kulala na watoto wenye njaa. Mjukuu wako yumo. Sema sivyo, yaishe."

Nilipogeuka nikamwona Zaituni amesimama kwenye nguzo ya bwalo. Alichezwa na mimi mwenyewe, kwa hiyo alijua kinachoendelea kuliko Madam. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Alikuwa anaomba.

Niliingia darasani. Mzee amekaa palepale, mikono juu ya meza, kanga yangu bado imefunika. Nikaifunua. Bi Mwantumu gumba lake la kulia lilikatwa na jembe utotoni, kucha ikaota imepasuka mara mbili, na kila alichobonyeza kilibaki na mistari miwili. Niliviangalia vyote. Vyote vilikuwa na mistari miwili. Na vilikuwa vya idadi ya ngoma ile, na kile cha mwisho nilikikumbuka, maana nilimsaidia kukikanda.

Nikavuta kiti nikakaa karibu na mzee yule. Mnisikilize vizuri hapa. Sikuwa nafikiria laana. Nilikuwa nafikiria kwamba nikitoka na kusema sivyo, Hadija ataamini, atawasha moto, atapika, na atazeeka akitafuta kitu ambacho mimi nimekiona. Na mezani kwangu atakuwa ananipakulia.

Nikatoka. "Ndivyo," nikasema. "Ni vyako, Hadija."

Alikaa chini kwenye majivu. Hakulia. Aliuliza tu, "Vyote?"

"Vyote."

Nilirudi kwa mzee nikamweleza, yale ambayo mwanamume anaweza kuelezwa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mnataka kuvifanya nini?"

"Vinakwenda mtoni."

"Vitayeyuka, mama."

"Ndiyo kazi yake."

"Nimezunguka sana enzi zangu. Sijakutana na vingine. Hivi vikienda, hakuna tena."

"Na watoto wa Hadija, mwalimu, umekutana nao?"

Akainamisha kichwa. Baadaye akasema, "Nilivitunza. Panya hawakuvigusa, unyevu haukuvifikia. Nilihama navyo kila nilikohama."

"Najua. Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Alivifunga mwenyewe kwenye pamba yake, kila kimoja, na kabla ya kukifunga alikipitisha kwenye vidole mara moja. Sikumzuia. Alivishika maisha yake yote, ningemzuia nini sasa. Asubuhi iliyofuata tulikwenda mto Pangani, upande wa chini ya Hale, mimi na Hadija na wapishi wawili wenye umri. Alivitia majini kwa mkono wake. Vilikuwa vikavu mno, vilikawia kulegea, tukasimama pale hadi maji yakabadilika rangi na kusafika tena. Zaituni hakuja.

Wapishi walisema hawapiki mahali mzee yule anapoingia. Madam alimpigia simu kwa maneno mazuri, na mzee naye kwa maneno mazuri akasema macho yamezidi kuwa mabaya. Nilipanda Bungu kumwomba angalau awafundishe wasichana kwake, niwalete mwenyewe. Binti yake akaniambia baba amelala. Mlango ulikuwa wazi nusu na miguu yake ilikuwa inatikisika kitandani. Nikaacha ndizi nikashuka.

Mtihani ukafika. Misri na Wagiriki Zaituni aliandika. Sanaa za Afrika alibahatisha. Matokeo yalipotoka, somo lile alikuwa ameanguka, na kombi ikavunjika kama alivyosema. Wenzake nao walianguka, isipokuwa mmoja ambaye baba yake alimtafutia mtu mjini wakati wa likizo. Hadija naye, umri wa kuzaa ulikwisha zamani, sitawadanganya kwamba mto ulimrudishia kitu. Ila neno lile la vyangu havikufika mtoni sikulisikia tena kinywani mwake. Aliendelea kupika. Nami niliendelea kupuliza filimbi hadi umri wangu ulipotimia.

Basi metroni wapya, wakiwaletea watoto wa somo lisilo na mwalimu, msikae mkingoja barua ya wilayani, anzeni kumtafuta siku hiyo hiyo, hata msibani. Mkimpata, mwambieni ukweli wote siku ya kwanza. Na kabla hajapanga kitu mezani mbele ya watoto, muulizeni kimetoka nyumbani kwa nani.

Zaituni siku hizi yuko Korogwe mjini, saluni, anapaka kucha rangi na kuzichora maua madogo. Ana mkono mzuri, wateja wanamngoja hata kama viti vingine vitupu. Nilikwenda kumtembelea mwezi huu. Alisimama, akanipa shikamoo, akanipa kiti na maji ya kunywa. Tukazungumza habari za mahindi na mvua. Kisha akasema, huku anapanga chupa zake za rangi, "Bibi, siku ile uliniona pale kwenye nguzo?"

"Nilikuona."

"Nilikutikisia kichwa."

"Nilikuona, mjukuu wangu."

"Ulikuwa na neno moja tu la kusema."

"Ndilo nililolisema."

Mteja akaingia, dada mmoja na kitoto mgongoni, akakaa. Zaituni akavuta kigoda chake, akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga.

"Rangi gani, dada?" akamuuliza.